Sayyida Salme: mjane wa Unguja aliyepigana na huzuni ugenini

Mwezi wa Agosti 1870, mjini Hamburg nchini Ujerumani, mfanyabiashara Rudolph Heinrich Ruete alipata ajali alipokuwa akiruka kutoka kwenye tramu iliyokokotwa na farasi. Alifariki siku chache baadaye. Alimwachia mke wake watoto watatu, mdogo wao akiwa na miezi minne hivi. Mjane huyo alikuwa hajatimiza miaka 26. Wajerumani walimjua kama Emily Ruete. Kwao Unguja alikuwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan.

Kisa chake ni cha zamani na cha mbali, lakini akina mama wa Pinga, mji ulio kwenye mpaka wa Masisi na Walikale, wangekielewa bila kuelezewa sana. Wengi wao wamekimbia vita zaidi ya mara moja, na wengine wamefika miaka 40 au 50 wakiwa wajane. Mama wa namna hiyo akifika kituo cha afya, ni mara chache atasema ana huzuni. Atasema kichwa kinauma, moyo unadunda, usingizi umepotea, mawazo ni mengi. Waganga huita ugonjwa huo depresheni, na Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema huwapata wanawake kuliko wanaume.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji wa Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka kwa Wacherkesi. Baba yake alifariki baharini mwaka 1856, na mama yake akachukuliwa na kipindupindu mwaka 1859. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma tu, si kuandika. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Mwaka 1866, akiwa na mimba ya Ruete, alitoroka kwa meli ya kivita ya Waingereza hadi Aden. Hapo alijifungua mtoto wa kiume, akabatizwa na kufunga ndoa Mei 1867. Mtoto huyo hakufika Hamburg. Alifariki njiani, wazazi wake wakiwa wanapitia Ufaransa.

Kwa hiyo mume alipokufa, Salme alikuwa amekwisha kupoteza baba, mama, mtoto wa kwanza, dini aliyolelewa nayo, ndugu na nchi. Fedha zilipungua. Alihama kutoka Hamburg kwenda Dresden, kisha Rudolstadt na Berlin, akitafuta maisha ya bei nafuu. Aliishi katika nyumba zenye milango iliyofungwa kwa ajili ya baridi, yeye aliyekulia penye baraza wazi na watu wengi. Hakuna daktari wa leo anayeweza kumpima mtu aliyekwisha kufa, lakini maandishi yake yanaonyesha mwanamke aliyechoka mwili na roho, aliyeamini kwamba hataishi hadi watoto wake wakue.

Ndipo alipoanza kuandika. Alifanya hivyo karibu miaka tisa kabla ya kitabu chake kutoka, na mwanzoni hakuwa na nia ya kukiuza. Alitaka watoto wajue mama yao alitoka wapi: chakula cha Unguja, sikukuu, mavazi, shule, magonjwa, ugomvi wa ndugu. Kumbukumbu hizo zilichapishwa Berlin mwaka 1886, naye akiwa na miaka 41 au 42. Aliandika pia barua ndefu kwa rafiki wa nyumbani, akieleza upweke wake wa Ujerumani. Hizo zilichapishwa baada ya kifo chake.

Kuandika peke yake hakukulisha watoto. Alifundisha Kiarabu kwa malipo. Kazi hiyo ilimpa pia sababu ya kutoka nyumbani na kukaa na watu, na hilo si jambo dogo kwa mtu mwenye huzuni. Leo wahudumu wa afya ya akili hushauri mambo ya aina hiyo pamoja na matibabu: kutembea, kulala kwa saa za kawaida, kuacha pombe, kuongea na wenzako, kuwa na kazi ya mikono. Mama wa Kivu mwenye kikundi chake cha AVEC anajua kwamba kukutana kila juma huleta zaidi ya akiba. Lakini huzuni inayomfanya mtu atamani kufa haiponi kwa shamba wala kikundi pekee, inataka mganga.

Mara mbili Salme alirudi Unguja. Mwaka 1885 alifika pamoja na manowari za Ujerumani, wakati Bismarck alipokuwa akimshinikiza Sultani Barghash, na madai ya urithi wa dada huyo yakatumiwa kama fimbo. Watu wa mji walimsalimia barabarani. Barghash, ndugu yake, alikataa kumpokea. Mwaka 1888 alirudi tena, bila mafanikio.

Msomaji wa Kivu na Maniema ana haki ya kusita hapa. Salme alikuwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa, na katika kitabu chake aliutetea utumwa. Wakati akiandika, misafara ya Tippu Tip ilikuwa ikiwatoa watu Maniema kwa nguvu. Kiswahili chenyewe, kwa sehemu kubwa, kilifika Kasongo na misafara hiyo. Machozi yake hayafuti ya watu hao.

Baada ya 1888 hakutaka tena kukaa Ujerumani. Alihamia Jaffa, kisha Beirut, akaishi huko miaka mingi kati ya watu waliosema Kiarabu, hadi mwaka 1914. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, karibu na mumewe. Kati ya vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, nacho kikazikwa pamoja naye.