Murumbi na mizani ya nadharia

Katika miaka niliyofundisha Historia na Serikali hapa Rongai, Kaunti ya Nakuru, hakuna swali lililonisumbua kama hili: kati ya nadharia zote za uhusiano wa kimataifa, ipi ndiyo ya kweli? Zamani nilikwepa. Niliwaandikia wanafunzi sifa za kila nadharia ubaoni, nao wakazikariri kwa ajili ya mtihani. Nakiri kwamba nilikosea. Siku hizi huwasimulia maisha ya mtu aliyezaliwa jirani yetu, Eldama Ravine, mwaka 1911.

Mtu huyo ni Joseph Murumbi. Babake alikuwa mfanyabiashara Mgoa, na mamake Mmaasai wa ukoo wa laiboni. Alisomeshwa India, kisha akafanya kazi Somalia chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza. Viongozi wa chama cha KAU walipokamatwa Oktoba 1952, yeye ndiye aliyekaimu ukatibu. Mwaka 1953 aliondoka nchini, akaishi uhamishoni, hasa London, akiwatetea waliotawaliwa. Alirejea mwaka 1962.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 1964. Mwezi Agosti waasi wa Kongo waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, wakazuilia humo mateka wengi wa kigeni. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaunda tume ya upatanishi chini ya Jomo Kenyatta. Murumbi, aliyekuwa Waziri wa Nchi, aliongoza wajumbe hadi Washington kuiomba Marekani ikomeshe msaada wa kijeshi kwa serikali ya Moise Tshombe. Marekani ilikataa kujadili mambo ya Kongo bila serikali ya Kongo yenyewe. Mnamo Novemba, mazungumzo yakiwa yameanza Nairobi, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliteremka Stanleyville kutoka ndege za Marekani. Ilikuwa tarehe 24. Mateka wengi waliokolewa, baadhi wakauawa. Wakongo walioangamia katika vita hivyo ni maelfu.

Sasa tuzipime nadharia. Mfuasi wa uhalisia, kama Hans Morgenthau, hatashangaa hata kidogo. Kwake, mataifa huongozwa na nguvu na maslahi. Mwenye ndege aliamua, na asiye nazo akabaki na hoja zake. Hapa mhalisia ana haki.

Mfuasi wa uliberali ataona jambo lingine. Umoja ule ulikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache tu, hauna jeshi, na bado balozi wa Marekani aliketi Nairobi kuzungumza na mjumbe wa waasi. Desemba mwaka huo huo nchi za Afrika zililifikisha suala hilo mbele ya Baraza la Usalama, nalo likapitisha azimio la kuyataka mataifa yote yasiingilie mambo ya ndani ya Kongo. Taasisi changa haikuzuia ndege, lakini ilimlazimisha mwenye nguvu kujieleza.

Naye mfuasi wa nadharia ya utegemezi, aliyemsoma Walter Rodney, mwalimu wa zamani wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, atawauliza wote wawili: mbona hamtaji shaba ya Katanga? Nani alifaidika na madini hayo tangu enzi ya mkoloni? Bila swali hilo, hatuelewi kwa nini Kongo iligombewa kiasi kile.

Naam, kila nadharia imeona kitu, na kila moja imeacha kitu. Lakini liko jambo ambalo zote tatu hulipita haraka, nalo ni mtu. Mnamo Februari 1965 Pio Gama Pinto, rafiki mkubwa wa Murumbi, aliuawa kwa risasi jijini Nairobi, na kifo hicho kilimuumiza sana. Mei 1966 Murumbi, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, akawa Makamu wa Rais. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amejiuzulu. Ni wangapi huacha cheo kama hicho kwa hiari? Alirudia vitabu na sanaa za Afrika alizozikusanya maishani, na sehemu ya hazina hiyo imehifadhiwa katika Nyaraka za Kitaifa, Nairobi. Alifariki mwaka 1990, akazikwa kando ya bustani ya City Park, karibu na kaburi la Pinto.

Walimu wenzangu, tusiwaulize wanafunzi sifa tano za uhalisia. Tuwapeleke Stanleyville pamoja na Murumbi, kisha tuwaulize kila nadharia imeona nini, na imemsahau nani. Mwanafunzi atakayejibu hilo hatahitaji kukariri.