Sylvia Beach: Muuza vitabu aliyeokolewa na waandishi wake

Mwaka 1936, duka dogo la vitabu kwenye mtaa wa rue de l'Odéon jijini Paris lilikuwa hoi. Wateja wamepungua, madeni yamepanda, na mwenye duka, Mmarekani Sylvia Beach, alikuwa anawaza kufunga.

Aliyemtoa kwenye shimo hilo haikuwa benki. Ni waandishi waliokuja kusimama katikati ya duka lake na kuwasomea watu kazi zao.

Ameanzaje?

Sylvia alizaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1887, binti wa mchungaji. Ndoto ya duka aliipata Paris baada ya kukutana na Adrienne Monnier, mwanamke wa Kifaransa aliyekuwa na duka lake la vitabu, ambaye akawa mwenzake wa maisha.

Novemba 1919, kwa pesa alizotumiwa na mama yake, Sylvia akafungua Shakespeare and Company. Mwaka 1921 akahamia rue de l'Odéon, karibu kabisa na duka la Adrienne.

Vitabu vya Kiingereza vilikuwa ghali Paris, hivyo Sylvia alikuwa anaviazimisha kwa ada. Ernest Hemingway alipofika akiwa kijana asiye na pesa mfukoni, alipewa vitabu akaambiwa atalipa akipata.

Kitabu kilichompa jina

James Joyce alipokwama na riwaya yake ya Ulysses, iliyokuwa imepigwa vita Marekani kwa madai ya kukosa maadili, Sylvia alijitosa. Hakuwa mchapishaji, lakini Februari 2, 1922, siku Joyce anatimiza miaka 40, kitabu kikatoka kwa jina la duka lake. Nakala zilikuwa 1,000.

Sifa akapata, utajiri hakuupata. Miaka ya 1930 Joyce alipohamia kwa kampuni kubwa ya Marekani, Sylvia hakuambulia kitu.

Wakati huohuo uchumi wa dunia ukaanguka. Wamarekani waliojaa Paris wakafungasha kurudi kwao, na duka likakosa wateja.

Viti 200, faranga 200

Hapo ndipo mwandishi Mfaransa André Gide akaingilia kati. Akawakusanya wenzake wakaunda kundi la marafiki wa duka. Mpango ulikuwa mwepesi: kila mwanachama alipe faranga 200 kwa mwaka, na kwa malipo hayo aruhusiwe kuhudhuria jioni za usomaji dukani. Nafasi ziliwekwa 200 tu, kwa sababu duka lisingebeba zaidi.

Gide mwenyewe alisoma. Paul Valéry naye akasoma. T. S. Eliot akavuka bahari kutoka London kuja kusoma mashairi yake.

Mei 1937 ikawa zamu ya Hemingway, ambaye sasa ni staa. Kusoma mbele ya watu hakukupenda hata kidogo, akakubali kwa sharti kwamba mshairi Mwingereza Stephen Spender asome pamoja naye. Wote wawili walikuwa wametoka Hispania, kwenye vita. Kijana aliyewahi kuazimishwa vitabu bila pesa alikuwa amerudi kulipa kwa namna nyingine.

Usomaji huo uliendelea kwa takriban miaka miwili. Magazeti yakaliandika duka, watu wakarudi, na mlango ukabaki wazi.

Mwisho wa duka

Mwaka 1941, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani, ofisa mmoja wa jeshi alitaka kununua nakala ya mwisho ya Finnegans Wake, kitabu kingine cha Joyce. Sylvia akagoma kuiuza. Ofisa akarudi na kutishia kuchukua mali yote. Ndani ya saa chache Sylvia na rafiki zake walipandisha vitabu vyote ghorofani na kufuta jina la duka kwa rangi.

Baadaye alikamatwa na kuzuiliwa kambini Vittel kwa miezi sita. Vita vikaisha, lakini duka hakulifungua tena.

Alifariki Paris, Oktoba 1962. Duka linalotumia jina la Shakespeare and Company jijini humo leo ni jingine: aliyekuwa mwenyewe wakati huo, Mmarekani George Whitman, alilipa jina hilo mwaka 1964 kwa kumuenzi Sylvia. Na humo ndani, waandishi bado wanakuja kusoma vitabu vyao vipya.