Grace Hopper: Mwalimu aliyeifunza tarakilishi maneno ya watu

WALIOHUDHURIA mihadhara ya Bi Grace Hopper katika miaka ya themanini hawakuondoka mikono mitupu. Ajuza huyo mwembamba, aliyevalia sare rasmi ya jeshi la majini la Marekani, alikuwa na kawaida ya kutoa mkobani vipande vya waya wa simu vyenye urefu wa karibu sentimita 30 na kuwagawia wasikilizaji wake.

Kila kipande kilionyesha umbali ambao umeme hauwezi kuupita kwa muda wa nanosekunde moja, yaani sekunde moja ikigawanywa mara bilioni moja. Kisha angeinua bunda zima la waya wa mita 300 hivi na kueleza kwamba hiyo ni maikrosekunde, nao waandishi wa programu wanapaswa kujua wanatupa nini wanapoipoteza. Alitaka kila mtu, awe jenerali au mwanafunzi, ashike kwa mkono jambo ambalo wataalamu walilitaja kila siku bila kuliona.

Vitabu vingi humkumbuka Bi Hopper kwa vyeo vyake vya kijeshi na kwa lugha ya tarakilishi iitwayo COBOL. Hata hivyo, kabla ya hayo yote alikuwa mwalimu wa hisabati katika chuo cha wasichana, na kwa maoni ya mwandishi huyu, mengi aliyoyafanya baadaye yalitokana na ualimu huo.

Alizaliwa jijini New York mnamo Desemba 9, 1906, akapewa jina Grace Brewster Murray. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto watatu. Babake, Walter Murray, aliyefanya kazi ya bima, alikatwa miguu yote miwili kutokana na maradhi. Mzee huyo alishikilia kwamba mabinti zake wawili wapate elimu sawa na ya kaka yao, ili waweze kujitegemea lolote litakalomfika. Mamake, Mary, aliipenda mno hisabati, ila enzi za ujana wake somo hilo halikuonekana kumfaa mwanamke.

Alipokuwa na umri wa miaka saba, Grace alifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi. Aliposhindwa kuirudishia alifungua nyingine, na nyingine, hadi saa saba zikawa zimelala vipande vipande. Mamake hakumchapa. Alimwamuru tu kwamba tangu siku hiyo awe akichezea saa moja.

Jaribio lake la kwanza la kuingia Chuo cha Vassar liligonga mwamba kwa kuwa alianguka mtihani wa Kilatini. Alisubiri mwaka mmoja, akaingia mnamo 1924 na kuhitimu 1928 katika hisabati na fizikia. Alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale mnamo 1930 na ile ya uzamifu mnamo 1934. Ndoa yake na Vincent Hopper, waliyeoana naye 1930, ilivunjika mnamo 1945, lakini jina la Hopper akabaki nalo.

Alianza kufundisha Vassar mnamo 1931, wakati chuo hicho kilikuwa cha wasichana pekee. Hapo ndipo alipozua mtindo uliowakera wanafunzi wake. Alipomaliza kufundisha kanuni fulani ya hisabati, aliwaagiza waandike insha ya kuieleza. Wasichana hao walinung'unika kwamba walikuja kusoma hisabati wala si Kiingereza. Mwalimu hakutikisika. Aliwaambia kwamba hesabu wasiyoweza kumweleza mtu mwingine haiwafai kitu, kisha akazisahihisha insha hizo na kuwarudishia waziandike upya.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipoifikia Marekani, Bi Hopper aliomba kujiunga na jeshi la majini. Umri wake ulikuwa umepita kiwango, na uzani wake ulikuwa chini ya kiwango kwa kilo saba hivi. Isitoshe, serikali iliwahesabu walimu wa hisabati kuwa watu wasiofaa kuondolewa kazini. Alisisitiza hadi akakubaliwa mnamo Desemba 1943. Katika mafunzo ya maafisa aliongoza darasa lake, nao wengi wa wenzake wangetosha kuwa wanafunzi wake.

Mnamo Julai 1944, akiwa luteni, alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard. Mkubwa wake, Howard Aiken, alimwonyesha mashine ya Mark I, dude lenye urefu wa zaidi ya mita 15 na uzani wa takriban tani tano, kisha akampa muda wa wiki moja tu aiandikie programu ya kutatua tatizo gumu la hesabu. Baadaye Aiken alimwamuru aandike kitabu cha kueleza mashine hiyo. Kilichapishwa mnamo 1946 kikiwa na kurasa zaidi ya 500. Mwalimu aliyewatesa wasichana kwa insha sasa alikuwa ametwishwa insha yake mwenyewe.

Kuna kisa cha nondo ambacho husimuliwa kila anapotajwa. Mnamo Septemba 1947 mdudu huyo alipatikana amekwama ndani ya mashine ya Mark II, akabandikwa kwa utepe katika daftari la kazi. Wengi hudai kwamba Bi Hopper ndiye aliyebuni desturi ya kuyaita makosa ya programu wadudu. Sivyo. Mafundi walilitumia neno hilo miaka mingi kabla yake. Yeye alikipenda kisa hicho na kukisimulia.

Miaka iliyofuata haikuwa ya raha. Alizama katika ulevi, na hata kutiwa mbaroni mnamo 1949 kwa sababu hiyo. Mwaka huohuo aliondoka Harvard na kuajiriwa na kampuni ya Eckert-Mauchly mjini Philadelphia, iliyokuwa ikiunda tarakilishi ya UNIVAC. Huko alimkuta Betty Holberton, mmoja wa wanawake sita walioiandikia programu mashine maarufu ya ENIAC.

Nyakati hizo programu iliandikwa kwa mfululizo wa tarakimu. Hata Bi Hopper ziliwahi kumchanganya: baada ya kuzoea kuhesabu kwa tarakimu nane za mashine badala ya kumi, alijikuta akifanya vivyo hivyo katika hesabu za akaunti yake ya benki, hadi kaka yake alipoligundua kosa hilo.

Akajiuliza kwa nini binadamu arudie kazi ambayo mashine ingeifanya. Alihifadhi vipande vya programu katika utepe, kila kimoja na nambari yake, akaiandikia tarakilishi maagizo ya kuvikusanya na kuviunganisha yenyewe. Chombo hicho, ambacho wataalamu hukiita kompaila, alikieleza hadharani mnamo 1952 katika makala aliyoyapa jina lenye maana ya elimu ya tarakilishi. Wengi hawakumwamini. Waliona kwamba mashine ni ya kujumlisha na kutoa, basi.

Hatua iliyofuata ndiyo inayostahili kutafakariwa zaidi. Bi Hopper alitambua kwamba makarani na wafanyabiashara waliohitaji tarakilishi hawakuwa na haja na alama za wanahisabati. Badala ya kuwalazimisha wajifunze alama hizo, alipendekeza mashine ndiyo ifunzwe maneno yao ya kazi. Yeye na kikosi chake walitayarisha mfano mdogo wa programu iliyoandikwa kwa maneno ya Kiingereza. Ili kuwathibitishia wakubwa kwamba jambo hilo linawezekana kikamilifu, waliiandika programu iyo hiyo kwa Kifaransa na kwa Kijerumani, na mashine ikaipokea.

Wakubwa walishtuka, ila si kwa furaha. Hawakuelewa vipi tarakilishi ya Kimarekani, iliyoundwa Philadelphia, ingefahamu Kifaransa au Kijerumani! Bi Hopper alieleza kwamba kwa mashine maneno yote ni alama tu, na kuyabadilisha ni kazi nyepesi. Ilimchukua miezi minne kuwatuliza, na alilazimika kuahidi kwamba angetumia Kiingereza pekee.

Kwa ahadi hiyo akaruhusiwa kuendelea, na lugha ya FLOW-MATIC ikazaliwa. Kamati iliyoundwa mnamo 1959 kubuni lugha moja ya biashara kwa tarakilishi zote iliichukua FLOW-MATIC kuwa msingi wa COBOL. Si haki kusema kwamba aliibuni COBOL peke yake, maana Jean Sammet na wenzake walitoa jasho jingi, lakini wazo la kutumia maneno ya kawaida lilikuwa lake.

Jeshi lilimstaafisha mwishoni mwa 1966, likamwita tena mwaka uliofuata kwa miezi sita iliyogeuka kuwa miaka. Alistaafu kabisa mnamo Agosti 14, 1986, akiwa admirali mwenye umri wa miaka 79. Ukutani mwa ofisi yake alitundika saa iliyozunguka kinyumenyume, ili mgeni aone kwamba si lazima mambo yafanywe kama yalivyozoeleka. Alipoulizwa kuhusu mafanikio yake, alipenda kuwataja vijana aliowafunza. Cha ajabu, hakupenda kuhesabiwa miongoni mwa watetezi wa haki za wanawake.

Bi Hopper aliaga dunia Januari 1, 1992, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington, Virginia. Miaka miwili baadaye Anita Borg na Telle Whitney walianzisha kongamano la wanawake wa taaluma ya tarakilishi lenye jina lake.

Kongamano hilo lilikuja wakati wa mdororo. Mnamo 1984 wanawake walikuwa asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya tarakilishi nchini Marekani. Miaka thelathini baadaye walikuwa asilimia 18 hivi. Sababu inayotajwa sana ni kwamba tarakilishi za nyumbani zilipoingia madukani zilitangazwa kama vifaa vya wavulana. Ndiyo maana vyama kama Girls Who Code, kilichoanzishwa mnamo 2012, huwalenga wasichana wakiwa wangali shuleni.

Huku kwetu, wasichana watano wa shule ya upili mjini Kisumu walifika fainali za shindano la Technovation huko California mnamo 2017 kwa programu ya simu ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji. Mnamo 2022 Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili.

Lakini ahadi iliyotolewa Philadelphia ingali inatimizwa. Lugha kuu za tarakilishi anazofunzwa mwanafunzi, awe Kwale au Lodwar, humtaka atoe amri kwa maneno ya Kiingereza, nazo mashine bado ziko tayari kupokea maneno yoyote zitakayopewa.