Hertz na cheche za Karlsruhe

Kituo cha redio kinapotaja masafa yake kwa megahezi, kinataja jina la Mjerumani Heinrich Hertz, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1857. Umaarufu wake unatokana na mawimbi hayo. Lakini ndugu msomaji, ipo kazi yake nyingine isiyotajwa sana, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayoonyesha vyema alikuwa mtu wa namna gani.

Mwaka 1887, huko Karlsruhe, Hertz alikuwa akirusha cheche za umeme katika chombo kimoja na kutazama cheche ndogo zinazozuka katika chombo cha pili. Kwa kuwa hizi zilikuwa hafifu, alikifunika chombo cha pili kwa kasha lenye giza ili azione vizuri. Ajabu ni kwamba zilizidi kuwa fupi. Mwingine angeliondoa kasha akaendelea na mawimbi yake, maana ndiyo aliyokuwa akiyatafuta. Yeye aliyaweka kando kwa muda. Akaweka kioo kati ya vyombo, cheche zikapungua. Akaweka kwatsi, hazikupungua. Akatambua kuwa kinachozisaidia ni mionzi isiyoonekana ya urujuanimno, ambayo kioo huizuia na kwatsi huipitisha. Akachapisha aliyoyaona, bila kujitungia nadharia.

Angeielezaje? Elektroni iligunduliwa 1897, naye alifariki Bonn tarehe 1 Januari 1894, akiwa na miaka 36 tu. Aliyekuwa msaidizi wake, Philipp Lenard, alionyesha mwaka 1902 kuwa mwanga ukiwa mkali zaidi hutoa elektroni nyingi zaidi kwenye metali, lakini hauziongezei kasi. (Lenard huyo alikuja kuwa mfuasi wa Hitler, na chini ya utawala huo mjane na mabinti wa Hertz, ambaye baba yake alizaliwa Myahudi, walihamia Uingereza.) Einstein akaeleza mwaka 1905: mwanga huja kwa vifurushi, na nguvu ya kifurushi hutegemea rangi.

Leo watafiti huelekeza leza kwenye sindano za metali zenye ncha ya makumi machache ya nanomita. Kifurushi kimoja cha mwanga mwekundu hakina nguvu ya kung'oa elektroni humo. Lakini leza ikiwa kali mno, kwa muda mfupi mno, na ncha ile ikiukusanya mwanga, elektroni hupokea vifurushi kadhaa kwa pamoja ikachomoka. Na ukali ukizidishwa tena, elektroni hizo huongezeka hata kasi, jambo ambalo taa za Lenard zisingeweza kulionyesha.