Mirambo na njia ya Ujiji

WAFANYABIASHARA wa Tabora walipata mtikisiko wao wa uchumi zaidi ya miaka 130 kabla ya ule wa 2008, na ulitokana na kufungwa kwa njia.

Aliyeifunga ni Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyezaliwa karibu 1840. Mwaka 1871 aligombana na Waarabu wa Tabora juu ya biashara na hongo. Enzi hizo hongo ilikuwa ushuru halali wa kupita, si rushwa kama sasa. Akazuia misafara ya Ujiji. Pembe za ndovu zikakwama upande wa ziwa, vitambaa upande wa Tabora. Aliyechukua bidhaa kwa mkopo Unguja alibaki na deni bila mauzo. Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliwasaidia Waarabu vitani wakashindwa, ikambidi azungukie kusini. Askari wa Sultani Barghash nao hawakumweza.

Lakini njia ikiwa tupu, Mirambo mwenyewe hakupata hongo, na pembe zake zilihitaji wanunuzi. Kufikia 1876 walipatana, misafara ikarudi, naye akatoza. Kwangu, hapo ndipo alipoonyesha akili ya biashara kuliko vitani.

Alifariki Desemba 2, 1884. Mrithi wake, Mpandashalo, aliuawa 1890 na dola ikasambaratika.