John Wesley: Imani iliyofika mfukoni ikakomea mlangoni

Marehemu baba yangu alikuwa mweka hazina wa kanisa letu la kijijini kwa zaidi ya miaka 20. Sadaka ya kila Jumapili aliihesabu mbele ya wazee wawili, akaiandika katika daftari, kisha akaifungia katika kisanduku cha bati kilichokaa chini ya kitanda chake. Ipo mihula ambapo mimi na ndugu zangu tulifukuzwa shuleni kwa kukosa karo, tukarudi nyumbani tukijua fika kwamba kisanduku kile kina fedha. Baba hakukigusa. Siku ya maziko yake kila aliyesimama aliutaja uaminifu huo. Mama alipoombwa naye aseme neno, alisimama, akasema kwamba hesabu za marehemu zilikuwa sawa daima, kisha akaketi. Ilipita miaka mingi kabla sijatambua yale ambayo mama hakuyasema.

Nimemkumbuka baba kwa sababu kwa majuma kadhaa sasa nimekuwa nikiyasoma maisha ya John Wesley, kasisi Mwingereza aliyeanzisha vuguvugu lililozaa madhehebu ya Methodisti. Jina hilo si geni hapa kwetu. Mmisionari Thomas Wakefield aliwasili Mombasa mwaka 1862, na kwa msaada wa Krapf, ambaye sisi wanaisimu humkumbuka zaidi kwa kamusi yake ya Kiswahili, kituo cha Wamethodisti kikaanzishwa huko Ribe. Tangu hapo Wamethodisti wamekuwa majirani zetu, kutoka Pwani hadi Meru. Wengi humjua Wesley kama mhubiri. Mimi nataka kumtazama kama mtu mwenye mfuko na mwenye moyo, maana aghalabu ni katika fedha na mapenzi ambamo dini ya mtu hujulikana kina chake.

Wesley alizaliwa mwezi wa Juni mwaka 1703 katika kijiji cha Epworth, Lincolnshire. Alikuwa mtoto wa 15 kati ya watoto 19 wa Samuel na Susanna, ambao wengi walikufa wangali wachanga. Baba yake, kasisi wa kijiji, alikuwa msomi hodari lakini hakuziweza fedha, na mwaka 1705 alitiwa gerezani kwa sababu ya deni. Mama yake ndiye aliyeiendesha nyumba, kwa utaratibu usiotetereka. Palikuwa na saa ya kula, saa ya kulala na saa ya kusoma. Hata mazungumzo ya mama na mtoto mmoja mmoja yalitengewa siku yake maalumu katika juma. Basi John alijifunza mapema mambo mawili: kwamba deni humfunga mtu, na kwamba upendo nao una zamu yake katika ratiba.

Mwaka 1720 alijiunga na Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1726 akateuliwa kuwa mwanachuoni wa Lincoln College. Yeye, mdogo wake Charles na wenzao wachache walikuwa wakifunga, wakisali kwa saa maalumu na kuwatembelea wafungwa na maskini. Wanafunzi wengine wakawabandika jina la kejeli, Methodisti, yaani watu wa utaratibu uliopita kiasi. Jina la dhihaka likaja kuwa jina la heshima, jambo ambalo si nadra katika historia ya lugha.

Kisa kilichomgeuza katika mambo ya fedha kilitokea hukohuko Oxford. Siku moja ya baridi kali msichana mtumishi alifika mlangoni pake akiwa amevaa gauni jepesi la kitani. Wesley alitia mkono mfukoni ili ampe fedha za kununulia vazi zito, akakuta kilichosalia ni kidogo mno. Alikuwa ametoka kununua picha za kupamba kuta za chumba chake. Wazo lililomjia halikumtoka tena: kwamba picha zile zilikuwa ukutani kwake kwa gharama ya mwili wa yule msichana.

Katika mojawapo ya mahubiri yake ya uzeeni alisimulia habari za kijana wa Oxford ambaye wengi hukubaliana kwamba ni yeye mwenyewe. Kijana huyo alipopata pauni 30 kwa mwaka, alitumia 28 na kutoa sadaka mbili. Mwaka uliofuata pato lilipanda hadi 60, naye akaendelea kuishi kwa 28 na kutoa 32. Lilipofika 90 alitoa 62. Lilipofika 120 alitoa 92. Ndugu msomaji, hebu tulitafakari jambo hili. Sisi tukiongezwa mshahara huanza kwa kuongeza mahitaji. Wesley aliuliza kwanza kiasi gani kinamtosha mtu, na baada ya hapo kila nyongeza ilikuwa na mwenyewe, naye mwenyewe huyo alikuwa akitetemeka mlangoni.

Tangu mwaka 1739 alihubiri viwanjani, akianza na wachimba makaa ya mawe wa karibu na Bristol, kisha nchi nzima. Aliwafundisha maskini hao kanuni tatu za fedha: kuchuma kadiri mtu awezavyo bila kumdhuru jirani wala nafsi yake, kuweka akiba kwa kujinyima anasa, na kutoa kadiri awezavyo. Makanisani kwetu tuna neno uwakili, ambalo chimbuko lake ni wakili, yaani mtu anayesimamia mali isiyo yake na anayetarajiwa siku moja kutoa hesabu. Hilo ndilo hasa alilolikusudia Wesley.

Wala hakuishia katika kutoa sadaka. Mwaka 1746 alichangisha huko London pauni 30 na shilingi 16, akaanzisha mfuko wa mikopo midogo kwa maskini. Mkopaji alipewa shilingi 20, yaani pauni moja, akarejesha kidogo kidogo kila wiki kwa miezi mitatu. Katika muda wa miezi 18 watu 255 walikuwa wamesaidiwa kwa fedha zilezile zilizokuwa zikizunguka. Mama yeyote wa Kenya aliyemo katika chama hahitaji kufafanuliwa namna jambo hilo linavyofanya kazi. Baadaye mshona viatu mmoja, James Lackington, alikopa pauni tano kutoka mfuko huo ili kukuza kiduka chake cha vitabu, akaishia kuwa mmoja wa wauza vitabu wakubwa kabisa wa London.

Vitabu vya Wesley mwenyewe vilimletea maelfu ya pauni, naye akazigawa. Mwaka 1776 wakusanya kodi walimtaka atangaze vyombo vya fedha alivyo navyo, wakiamini kwamba mtu mashuhuri namna ile lazima awe navyo tele. Akawajibu kwamba ana vijiko viwili London na viwili Bristol, na kwamba hatanunua vingine maadamu watu wanaomzunguka wanakosa mkate. Tena aliona kwamba fedha zina njia zake za siri. Katika kijitabu chake cha mwaka 1774 dhidi ya utumwa hakuwalaumu wenye meli peke yao. Alimgeukia mnunuzi aliye mbali, akamwambia kwamba fedha zake ndizo zinazouendesha mtambo mzima.

Hadi hapo twamwona mtu ambaye imani yake ilifika mfukoni kikamilifu. Sasa tuingie nyumbani.

Mwaka 1736 Wesley alikuwa mmisionari katika koloni la Georgia, Marekani, alikoanza kumpenda binti aliyeitwa Sophia Hopkey, aliyelelewa na hakimu mkuu wa mji wa Savannah. Alimfundisha Kifaransa na sala, akamkaribia, akajiondoa, akamkaribia tena. Hakumwambia wazi anataka nini. Mnamo Machi 1737 yeye na rafiki yake waliandika vikaratasi vitatu: kimoja cha kuoa, cha pili cha kungoja mwaka upite, na cha tatu cha kutolifikiria jambo hilo tena. Wakapiga kura. Kikatoka cha tatu.

Lugha yetu hutumia neno moja, mapenzi, kwa yale yaliyopo baina ya mwanamume na mwanamke na kwa yale ayatakayo Mwenyezi Mungu. Nikiwa mwalimu wa isimu nimelitolea neno hilo mifano mingi darasani, lakini sijapata mfano unaouzidi huu: mtu aliyeyatafuta mapenzi ya Mungu katika kikaratasi ili asilazimike kumtazama usoni yule ampendaye na kumuuliza naye anasemaje. Siku chache baadaye Sophia aliolewa na mtu mwingine. Mwezi wa Agosti Wesley alimnyima Meza ya Bwana mbele ya waumini, familia ikamshtaki, na Desemba akaondoka Georgia usiku, sifa yake ikiwa imechafuka.

Miaka 11 baadaye, mwaka 1748, aliugua huko Newcastle na kuuguzwa na Grace Murray, mjane aliyekuwa mtumishi hodari wa jumuiya yake. Walikubaliana kuoana. Lakini Wesley alikawia, akaenda safari zake, na mhubiri mwingine, John Bennet, naye alikuwa akimposa mama huyo. Charles, aliyechelea kwamba ndoa ya kaka yake na mwanamke wa tabaka la watumishi ingezivunja jumuiya, aliingilia kati, na mnamo Oktoba 1749 Grace akaolewa na Bennet. Wesley alilia.

Ajabu ni kwamba mwaka huohuo Charles mwenyewe alikuwa ameoa. Mama wa bibi harusi, Sarah Gwynne, alitaka hakikisho la riziki ya binti yake, naye John ndiye aliyejitolea kumpatia Charles pauni 100 kila mwaka kutoka katika mauzo ya vitabu. Charles alipunguza safari, akatulia na mkewe huko Bristol, wakaishi kwa upendo hadi alipofariki mwaka 1788. Ndugu hawa walilelewa na mama mmoja na kuhubiri imani moja. Mmoja alimgharimia mwenzake ndoa njema ambayo yeye mwenyewe hakuipata.

Mwezi wa Februari mwaka 1751 Wesley aliteleza kwenye barafu juu ya London Bridge, akaumia kifundo cha mguu, akapelekwa kuuguzwa nyumbani kwa Mary Vazeille, mjane wa mfanyabiashara mwenye watoto wanne. Kabla ya mwezi kwisha walikuwa wameoana. Katika mali alikuwa mwadilifu kama kawaida yake: utajiri wote wa mkewe aliuandikisha kwa jina la mke na watoto, asiuguse. Lakini mwezi uliofuata aliandika katika shajara yake kwamba mhubiri aliyeoa hana udhuru wa kupunguza hata hotuba moja au siku moja ya safari.

Mary alijaribu kumfuata kwa miaka kadhaa, katika mvua, vitanda vibovu na makundi ya watu waliowarushia mawe. Kisha akachoka. Akiwa peke yake nyumbani alisoma barua ambazo mumewe aliwaandikia wanawake wengine wa jumuiya. Barua hizo hazikuwa za zinaa, lakini zilijaa upole na siri za moyo, na katika nyingine alimlalamikia mwanamke mwingine kuhusu mkewe. Mke alipofoka, Wesley alimjibu kwa barua zilizoorodhesha makosa yake moja baada ya jingine, kwa nambari. Waandishi wengi wa kambi ya Wesley wamemtwika Mary lawama zote, na hasira zake kweli zilikuwa kali. Hata hivyo Mary hakuwa na wafuasi wa kumwandikia upande wake. Aliondoka na kurejea zaidi ya mara moja. Alipoondoka mwaka 1771 mumewe aliandika kwamba hakumfukuza na wala hatamwita. Mary alifariki Oktoba 1781, na Wesley alipata habari baada ya maziko.

Wahenga walisema mganga hajigangi, na ingekuwa rahisi kuifunga habari hii kwa methali hiyo. Nionavyo mimi, tatizo lake lilikuwa jingine. Wesley hakuwa mnafiki. Alichokosea ni kudhani kwamba kanuni iliyomfaa katika fedha ingemfaa kila mahali. Fedha hukubali kugawanywa kwa hesabu: hizi za chakula, hizi za maskini. Muda wake naye aliugawa vivyo hivyo, dakika kwa dakika, akawapa maelfu ya watu, na ulipofika mwisho wa orodha mkewe alikuta mfuko mtupu, kama yule msichana wa Oxford. Tofauti ni kwamba mlango wa msichana yule aliuona, na huu wa pili hakuuona.

Mwaka 1790 mkono wake ukiwa unatetemeka, aliandika kwa shida katika daftari lake kwamba hataendelea kuweka hesabu, kwa kuwa ameridhika kwamba ametoa yote aliyoweza kutoa. Alifariki London tarehe 2 Machi 1791 akiwa na umri wa miaka 87. Aliagiza jeneza lake libebwe na watu sita maskini, kila mmoja alipwe pauni moja, pasiwe na gari la fahari. Niliposoma habari za daftari lile nililiona daftari la baba, na nikamsikia mama akisema kwamba hesabu zilikuwa sawa.

Sitaki mtu adhani ninaudharau uaminifu wa fedha. Katika nchi ambamo fedha za umma na za makanisa hupotea hivihivi, tunawahitaji akina Wesley na akina baba yangu kwa maelfu. Ninachosema ni kwamba walio mezani petu nao ni maskini waliosimama mlangoni, na mara nyingi wanachokiomba si fedha. Nalisema hili nikijishtaki mwenyewe, kwa kuwa nimesahihisha tasnifu nyingi usiku ambao watoto wangu walilala bila kuniona. Hata sasa mke wangu ameniita mara mbili akisema chakula kinapoa. Naomba niishie hapa.