Rita Hayworth: ugonjwa ulioitwa ulevi

Mwigizaji Rita Hayworth alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1918. Filamu ya Gilda (1946) ilimpa umaarufu duniani. Mwaka 1949 aliolewa na Aly Khan, mtoto wa Aga Khan III, wakapata binti, Yasmin.

Akiwa na miaka hamsini na kitu alianza kusahau maneno ya kusema mbele ya kamera. Hasira zilimpanda ghafla. Filamu yake ya mwisho ilitoka 1972. Ni kweli alikuwa anakunywa, basi kila mtu akaona sababu ni chupa. Mwaka 1976 alishuka kwenye ndege London akiwa amechanganyikiwa, na magazeti yakamwanika kama mlevi. Ilipofika 1980 ndipo ikajulikana ana ugonjwa wa Alzheimer. Yasmin alimtunza hadi alipofariki 1987.

Ugonjwa huu hadi leo hauponi, lakini kujua mapema kungempunguzia ile aibu. Nikitembelea wazee majumbani naambiwa bibi ana kisirani tu, au ni uzee. Uchunguzi wa awali huchukua dakika chache: namtajia maneno matatu, namwomba achore saa ya ukutani, kisha anirudishie yale maneno. Asiyezoea kalamu namuuliza mambo mengine. Napima presha na sukari, nawauliza wa nyumbani nini kimebadilika. Hapo sijathibitisha ugonjwa. Najua tu nani amwone daktari. Pombe nayo naiuliza, ila siishii hapo.